Klaksoni ya boti isiyosikika ndani ya ukungu: dalili, sababu na marekebisho

Malalamiko ninayoletewa na makapiteni wa hapa Goma kuhusu klaksoni za boti huongezeka katika miezi ya mvua, pale ukungu wa asubuhi unapolala juu ya Ziwa Kivu hadi mtu aliyesimama kwenye bandari ya Kituku asiweze kuiona boti iliyofungwa hatua chache mbele yake. Huongezeka tena wakati wa kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa unaposhuka kutoka milimani na kutulia juu ya maji. Nimeyapanga hapa kwa kufuata dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nikamalizia na ile ya nadra. Kosa lililo juu ya yote ni la kapiteni kuamini kwamba klaksoni yake ni nzima kwa kuwa yeye mwenyewe anaisikia, ilhali klaksoni hiyo imewekwa kwa ajili ya sikio la mtu aliye kwenye chombo kingine.

Kwanza tukubaliane kuhusu kazi inayotakiwa. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika Julai 1977, ziliandikwa kwa ajili ya bahari na maji ambayo meli za baharini zinaweza kuyafikia. Kivu haimo katika hesabu hiyo, kwa sababu maji yake hutoka ziwani huko Bukavu kupitia mto Ruzizi, ambao hakuna meli inayoweza kuupita. Kwa hiyo kapiteni afuate kwanza maagizo ya wakuu wa usafiri wa ziwani. Hata hivyo, milio iliyopangwa katika kanuni hizo ndiyo lugha ya pamoja ya mabaharia wa dunia, na sijaona sababu ya kubuni nyingine.

Mlio mfupi ni wa sekunde 1 hivi, na mlio mrefu ni wa sekunde 4 hadi 6. Boti ya injini inayosonga ndani ya ukungu hupiga mlio mrefu mmoja, na kati ya mlio na mlio zisipite dakika 2. Ikiwa haijafungwa wala kutia nanga, lakini imesimamisha mwendo na haisongi tena majini, hupiga milio mirefu miwili iliyotenganishwa na sekunde 2. Chombo kinachovuta kingine, kinachovua kwa nyavu, kinachokwenda kwa tanga au kilichoshindwa kuongozwa hupiga mmoja mrefu na miwili mifupi. Chombo kinachovutwa, kama kina watu ndani, hujibu kwa mmoja mrefu na mitatu mifupi. Aliyetia nanga hupiga kengele kwa haraka sekunde 5 katika kila dakika moja, ingawa hapa kwetu hilo hutokea zaidi katika ghuba, kwani Kivu hufika kina cha karibu mita 480 na sehemu nyingi za ukingo wake hushuka ghafla. Milio hii hupigwa usiku na mchana, ndani ya ukungu na hata karibu nao. Mvua kubwa huhesabiwa sawa na ukungu, na moshi mzito pia.

Klaksoni haitoi sauti yoyote, au inatoa "tik" tu

Anza na betri, kwa sababu katika boti nyingi za hapa betri moja huwasha injini, taa za abiria, redio na simu kumi zinazochajiwa na abiria. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.0 imekaribia kwisha, na klaksoni inaweza kugoma hata kama taa bado zinawaka. Kisha tazama fyuzi: itoe, iangalie kwenye mwanga, na safisha miguu yake kabla ya kuirudisha. Usiweke fyuzi ya ampea nyingi kuliko ile iliyoandikwa kwenye kifaa, na usifunge waya mahali pa fyuzi, hata kwa safari moja. Nimeona nyaya zilizoyeyuka nyuma ya mbao za chumba cha kapiteni kwa sababu ya msumari uliowekwa mahali pa fyuzi, na ndani ya boti hiyo madumu ya mafuta yalikuwa umbali wa mkono mmoja.

Kama betri na fyuzi ni nzima, sababu inayofuata kwa wingi ni waya wa masi, yaani ule unaorudi kwenye upande hasi wa betri. Katika boti ya mbao au ya plastiki mwili wa chombo haupitishi umeme, kwa hiyo waya huo lazima urudi wenyewe hadi kwenye betri, na kiungo chake hupata kutu ya kijani bila mtu kuiona. Chukua waya mmoja mzuri, uunganishe moja kwa moja kutoka upande hasi wa betri hadi mguu wa masi wa klaksoni, halafu bonyeza kitufe. Ikilia, umeshapata ugonjwa. Ondoa kutu kwa msasa, kaza, paka grisi.

Baada ya hapo pima kitufe. Kitufe kilichowekwa mahali panapopigwa na mvua hufa mapema kuliko klaksoni yenyewe. Kisha pima rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme wa kitufe ili ipitishe umeme mwingi kwenda kwenye klaksoni: ukisikia "tik" kutoka kwenye kisanduku cha umeme lakini klaksoni imenyamaza, ama miguu ya rilei imeungua, ama umeme unapotelea njiani. "Tik" ikitoka kwenye klaksoni yenyewe, kiwambo, yaani kile kibati chembamba kinachotetemeka ndani, huenda kimekwama kwa kutu. Klaksoni nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebishia nyuma yake. Izungushe kwa bisibisi robo mzunguko tu kila mara, huku mwenzako akibonyeza kitufe kwa muda mfupi sana, na ukumbuke mahali ilipokuwa ili uweze kurudi. Ikiwa robo tatu za mzunguko hazijaleta sauti, acha. Kiwambo kilichokufa hakifufuliwi na skrubu.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Klaksoni ya boti iliyo chini ya mita 20, ikitengenezwa kwa kiwango cha kanuni, hutoa kati ya desibeli 111 na 120 kwa umbali wa mita 1, kulingana na uzito wa sauti yake. Usiweke uso wako mbele ya mdomo wake mtu mwingine akiwa ameshika kitufe. Toa fyuzi kwanza, uiweke mfukoni mwako, ndipo uinamie kazi.

Inalia, lakini sauti ni nyonge au imepwaya

Hii ndiyo dalili inayodharauliwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo hatari zaidi, kwani klaksoni iliyonyamaza kabisa humfanya kapiteni aahirishe safari, ilhali iliyo nyonge humpa moyo wa kuondoka.

Tazama kwanza ndani ya tarumbeta. Asubuhi moja niliitwa kwenye boti ya mizigo ambayo klaksoni yake ilikuwa ikitoa sauti kama ya mbuzi aliyebanwa koo. Mwenye boti alikuwa tayari amenunua betri mpya. Niliifungua kutoka kwenye paa, nikaielekeza kwenye jua, nikaona udongo mwekundu umejaa hadi nusu ya shingo: nyigu alikuwa amejenga humo vyumba vitatu, kimoja kikiwa bado na buibui ndani aliyewekewa watoto. Udongo ule ulilainika kwa maji ya uvuguvugu na kutoka kwa kijiti cha mwanzi kilichofungwa kitambaa. Betri ya zamani haikuwa na kosa lolote. Tangu siku ile hushauri kila mtu aweke wavu mwembamba wa waya kwenye mdomo wa tarumbeta, na ahakikishe mdomo huo unaelekea mbele ukiwa umeinama chini kidogo, ili maji ya mvua yasikae ndani. Maji yaliyotuama shingoni ni sababu ya pili kwa wingi, na dawa yake ni kuigeuza ichuruzike.

Sababu ya tatu ni waya mwembamba. Mafundi wengi hutumia waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule ule wa taa za nyumbani, kwa sababu ndio unaopatikana kwa bei nafuu sokoni. Tufanye hesabu: klaksoni inayovuta ampea 15, ikiwa mbele ya boti mita 10 kutoka kwenye betri iliyo nyuma, ina waya wa mita 20 kwa kwenda na kurudi. Waya wa milimita mraba 1.5 utapoteza njiani volti 3.5 hivi, na klaksoni ya volti 12 itabaki na 9 au chini yake. Kwa waya wa milimita mraba 6 upotevu haufiki volti 1. Hili halihitaji kubahatisha: weka mita ya umeme kwenye miguu ya klaksoni wakati inalia, kisha kwenye vichwa vya betri wakati inalia, na ulinganishe. Tofauti ikizidi volti 1, tatizo liko kwenye nyaya na viungo vyake. Kuweka rilei karibu na klaksoni, ikilishwa na waya mnene, huku waya mwembamba wa kitufe ukibaki na kazi ya kuamsha rilei tu, huondoa shida hii kwa gharama ndogo.

Kiwambo chenye ufa hutoa sauti ya kukwaruza. Hakiungwi. Hununuliwa kingine, au klaksoni nzima hubadilishwa.

Klaksoni ya hewa inaanza kwa nguvu kisha inafifia

Hapa mlio mrefu wa sekunde 4 hadi 6 ndio kipimo. Kama hewa inakwisha sekunde ya tatu, wenzako watasikia mlio usio mrefu wala mfupi, na watabaki wakikisia maana yake.

Mara nyingi hewa inavuja. Jaza tanki, zima injini, usikilize, halafu paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha bomba na utazame mapovu. Mara nyingi pia tanki limejaa maji yaliyotokana na unyevu wa hewa, ambayo hula nafasi ya hewa na kulitia kutu kwa ndani. Fungua kizibo cha chini kila wiki, na katika miezi ya mvua kila siku ya safari. Baada ya hapo tazama kichujio cha kompresa, yaani pampu inayojaza hewa kwenye tanki, halafu mkanda wake. Watu wanaoleta kompresa kutoka pwani wasishangae ikichukua muda mrefu zaidi kujaza tanki hapa: tuko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kila mzunguko wa pistoni huingiza hewa kidogo kuliko Mombasa au Dar es Salaam.

Usifungue kiungo chochote tanki likiwa na hewa. Usichomelee tanki lenye kutu, na usiruhusu fundi wa geti alichomelee. Ukiona vidonda vya kutu kwenye mshono wa tanki, au valvu ya usalama imefungwa kwa waya ili isipumue, hapo kazi yako imekwisha: toa hewa yote polepole kwa kizibo cha chini na mwite fundi wa mitungi ya shinikizo.

Klaksoni haizimiki

Kitufe kimekwama, au miguu ya rilei imegandana kwa moto. Toa fyuzi, badilisha kilichoharibika. Likitokea ziwani ndani ya ukungu, usiache ilie mfululizo kwa kudhani kwamba sauti nyingi ni salama zaidi, kwa sababu mlio usiokatika wa kifaa cha ukungu ni mojawapo ya ishara za kuomba msaada, tena unakuzuia wewe mwenyewe kusikia. Toa fyuzi na kuirudisha kwa mkono ili upige mlio kwa vipindi hadi utakapofika.

Sisi tunaisikia vizuri, lakini boti nyingine zinasema hazikusikia

Sababu ya kwanza ni mahali ilipowekwa. Klaksoni nyingi nilizozikuta zimefungwa chini ya dirisha la kapiteni, nyuma ya rundo la magunia ya makala na ndizi, au chini ya turubai. Sauti inayokwenda mbele inazuiwa na mizigo, na yote inarudi kwa kapiteni. Iweke juu kadiri inavyowezekana, mbele ya paa, bila kitu mbele yake, na uitazame upya kila mara mizigo inapopangwa.

Sababu ya pili ni kelele za mwenzako. Yeye naye ana injini, ana mvua inayopiga bati la paa, na ana abiria wanaozungumza. Kanuni zinaitaka klaksoni ya boti ya chini ya mita 20 isikike nusu maili ya bahari, yaani mita 926, na ya chombo cha mita 20 hadi 75 isikike maili moja, lakini umbali huo ni wa hewa tulivu na kelele za kawaida. Upepo ukivuma kutoka kwake kuja kwako, sauti yako hupindwa kwenda juu na kumpita kichwani. Mwanasayansi John Tyndall alipofanya majaribio ya ving'ora vya ukungu kwenye pwani ya kusini mwa Uingereza kuanzia mwaka 1873, alikuta kwamba siku nyingine yenye anga safi kabisa sauti haikufika mbali, na siku nyingine ya ukungu ilifika mbali sana. Kwa hiyo kutosikia kitu hakuthibitishi kwamba hakuna mtu mbele.

Sababu ya tatu ni mwendo, na hapa naomba kila kapiteni achukue kalamu. Boti mbili zinazokuja kukutana, kila moja kwa noti 10, yaani kilomita 18.5 kwa saa, zinapunguza umbali kati yao kwa zaidi ya mita 10 kila sekunde. Mita 926 huisha kwa sekunde 90. Kipindi kirefu kinachoruhusiwa kati ya mlio na mlio ni sekunde 120. Maana yake ni kwamba boti hizo zinaweza kutoka nje ya umbali wa kusikiana hadi kugongana bila hata moja kuwa imefikia wakati wa kupiga tena, na kila kapiteni ataapa kwa haki kwamba alifuata kanuni ya dakika 2. Kwa boti ya mwendo kasi ya noti 20 ikikutana na mwenzake wa aina hiyo hiyo, sekunde hizo ni 45. Hakuna klaksoni inayoponya hili. Kanuni yenyewe inasema zisizidi dakika 2, haisemi zifike, na kabla ya yote inadai mwendo wa salama. Punguza mwendo, na upige kila nusu dakika ukiwa kwenye njia ya boti nyingi, kama vile kutoka Goma kuelekea Minova au kwenye mlango wa bandari ya Bukavu.

Kupima klaksoni yako, chagua siku tulivu, omba mtumbwi wa injini uende mita 900 kutoka bandarini, ukipimwa kwa ramani ya simu, na mtu aliye ndani yake akupigie simu kukuambia anachosikia. Piga klaksoni kwanza injini ya mtumbwi ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inafanya kazi. Kapiteni mmoja mzee aliyekuwa amebishana nami nusu saa nzima alimtuma mwanawe mtumbwini. Kijana alisikia mlio wa kwanza. Mlio wa pili, injini ya mtumbwi ikinguruma, aliuliza kwenye simu: "Baba, bado hamjapiga?" Mzee alikuwa tayari amepiga mara tatu.

Wengine wanasikia lakini wanaelewa vibaya

Karibu kila mara chanzo ni mazoea ya barabarani. Anayepiga pi-pi-pi ndani ya ukungu kama mwendesha pikipiki anayetafuta njia kati ya watu wa mtaa wa Birere hapa Goma hatoi habari yoyote. Mbaya zaidi, milio mifupi ina maana zake kwa vyombo vinavyoonana kwa macho: mmoja ni "nageuka kulia", miwili ni "nageuka kushoto", mitatu ni "injini zangu zinarudisha nyuma", na mitano au zaidi, ya haraka, ni "sielewi unachotaka kufanya". Hizo za kugeuka hazipigwi ndani ya ukungu kwa chombo usichokiona. Akisikia miwili mifupi bila kuusikia ule mrefu ulioitangulia, mwenzako anaweza kudhani unageuka kushoto, kumbe unavuta boti nyingine nyuma yako kwa kamba, naye akapita katikati yenu.

Sababu nyingine ni kuhesabu kwa hisia. Mtu mwenye wasiwasi huhesabu sekunde upesi, na mlio wake mrefu huwa wa sekunde 2. Bandika karatasi yenye milio hiyo karibu na usukani, na tumia saa ya simu. Au hesabu kwa sauti: "elfu moja na moja, elfu moja na mbili", hadi tano.

Mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ile inayofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, mingi haina klaksoni kabisa. Chombo cha chini ya mita 12 hakilazimiki kuwa nayo wala kupiga milio ile iliyopangwa, lakini kinatakiwa kuwa na kitu cha kutoa sauti ya kufaa, angalau kila dakika 2. Filimbi ya refa yafaa. Dumu tupu likipigwa kwa kafi lafaa. Wimbo wa kupigia makasia nao umeokoa watu, lakini huisha pale wanaponyamaza kuvuta wavu, na huo ndio wakati wasioweza kukwepa. Kapiteni wa boti kubwa asisubiri kusikia klaksoni ndipo aamini kuna mtu mbele, hasa alfajiri, taa zao zinapomezwa na ukungu.

Ninasikia mlio, lakini sijui unatokea wapi

Mara nyingi ni kwa sababu unasikiliza kutoka ndani. Fungua madirisha yote mawili, weka mtu wa kusikiliza mbele kabisa, mbali na injini, asiye na kofia ya koti la mvua masikioni wala kazi nyingine yoyote. Wawe wawili ikiwezekana, wafumbe macho, kila mmoja anyooshe mkono bila kumtazama mwenzake. Mikono ikitofautiana, msigeuze usukani kwa kufuata mmoja wao.

Sababu ya pili ni mwangwi. Miteremko ya kisiwa cha Idjwi na kuta za ukingo wa magharibi hurudisha sauti, na klaksoni yako mwenyewe inaweza kukurudia kama boti nyingine. Hesabu sekunde kati ya mwisho wa mlio wako na mwisho wa ule unaorudi: sauti hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo kila sekunde moja ya mwangwi ni mita 170 hivi hadi ukutani. Sekunde 3 zikirudi kila unapopiga, uko karibu mita 500 kutoka kwenye mwamba. Mlio usiofuata wako, unaokuja kwa wakati wake, ni wa mtu.

Ukisikia mlio unaoonekana kutoka mbele yako, na huna uhakika kwamba hakuna hatari ya kugongana, punguza mwendo hadi ule mdogo kabisa unaokuwezesha kuongoza boti, na ikibidi simama kabisa. Zima injini kwa nusu dakika usikilize. Usigeuke kwa kukisia.

Klaksoni imekufa katikati ya ziwa, na ukungu umefunga

Usianze kufungua kisanduku cha umeme ukiwa unaendesha. Punguza mwendo mara moja, mtume msaidizi mmoja mbele asikilize na mwingine ashike kengele, filimbi au sufuria, akipiga kwa vipindi vifupi. Waambie abiria wavae makoti ya kuokolea na wanyamaze. Hili la kunyamaza husahaulika, na ni la thamani kubwa. Piga simu au redio kwa bandari uliyotoka na unayokwenda, na kwa boti unazojua ziko njiani, ukitaja mahali ulipo na unakoelekea. Angalia fyuzi moja tu, na betri kwa macho. Ikiwa hiyo haikutosha, endelea kwa sufuria.

Yapo mambo yanayokutaka uache kutengeneza na kumwita fundi wa umeme wa boti: harufu ya kuungua, waya ulio moto mkononi, fyuzi mpya inayokatika mara mbili mfululizo, betri iliyovimba au inayotoa harufu ya mayai yaliyooza. Betri ya namna hiyo usiikaribie na sigara wala kibatari, na usichomoe nyaya zake injini ikiwa inaichaji. Zima injini, fungua milango hewa ipite, subiri.

Kama uko bado bandarini na klaksoni haijapona, nao ukungu haujainuka, boti isiondoke. Abiria watalalamika, mwenye mizigo ya kuoza atapaza sauti kuliko wote, na kapiteni atalazimika kusimama kwenye ubao wa kupandia akiwa na klaksoni iliyofunguliwa mkononi, awaonyeshe.